Rota mbili zenye herufi C, na mizani ya maharagwe iliyokaribia kuangusha ndege yetu

Wakuu, salamu kwenu popote mlipo.

Mimi ni msomaji wa humu wa muda mrefu. Nasoma, nacheka, naondoka bila kuchangia. Lakini juzi kuna mwenzetu alilalamika kwamba fundi alimfungia injini ya gari kwa spea za magari mawili tofauti, na injini ikavunjika barabarani. Mkamshambulia yule fundi kurasa nne nzima.

Nilinyamaza kwa sababu na mimi nimewahi kuwa fundi wa aina hiyo. Tofauti ni kwamba yangu haikuwa injini ya gari. Ilikuwa ya ndege.

Majina nimebadilisha. Matukio nimeyaacha kama yalivyonipata, hata pale ambapo naonekana mjinga, na nawaahidi mtaniona mjinga zaidi ya mara moja.

Twende.

Ni Nairobi, Eastlands, miaka ya tisini. Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nimepanga chumba Kayole, na kazi yangu ilikuwa Kaloleni. Kabla ya hapo nilikuwa nimefanya kazi kwenye gereji ya watu wa mbio za magari, na huko ndiko nilikojifunza rotary engine. Zilikuwa chache mjini na mafundi wengi walizikimbia. Mimi nilizipenda, na nilipenda zaidi watu kujua kwamba naziweza. Hicho kiburi kiwekeni akilini.

Kwa wasiojua: injini ya rotary haina pistoni. Ina rota, yaani chuma cha pembe tatu chenye mbavu zilizovimba, kama sambusa kubwa nzito. Yetu ilikuwa na rota mbili kwenye shafti moja. Zinazunguka zikitazamana kinyume, hii ikienda huku nyingine inaenda kule, ndiyo maana injini inatulia.

Sasa, ili itulie kweli, mambo mawili lazima yakubaliane. Kwanza, rota zenyewe ziwe na uzito unaolingana. Pili, kuna vizito viwili kwenye shafti, kimoja mbele na kingine nyuma, tunaviita counterweight. Hivyo vimetengenezwa kiwandani kwa uzito wa rota za toleo lile lile. Ukichanganya matoleo, injini itawaka na hata itanguruma vizuri. Ila ukiipandisha mizunguko, inaanza kujipiga yenyewe kutoka ndani.

Hiyo ndiyo shule yote mnayohitaji leo.

Mwenye ndege alikuwa mzee mmoja tuliyemwita Sajini. Alistaafu jeshini, upande wa ufundi wa ndege. Baba yake alikuwa mtu wa reli, na familia ilikuwa imekaa Kaloleni tangu enzi hizo. Sajini alikuwa Mkamba mtaratibu, mtu wa kukunja kitambaa cha mafuta kabla ya kukiweka mfukoni. Kwa miaka sita alikuwa akiunda ndege ya watu wawili, ya mbao na kitambaa, kwenye banda la uwanja mdogo wa binafsi nje ya mji, barabara ya kwenda Machakos. Vibali alikuwa navyo. Alichokosa ni injini.

Alinitafuta mimi kwa sababu alitaka rotary iliyotolewa kwenye gari la michezo la Kijapani. Nyepesi, vyuma vichache. Aliniambia, "Pistoni ikivunjika juu huko, umekwisha. Hii ikiugua, inaugua polepole, inakupa nafasi ya kutafuta shamba la kutua."

Na wa kuirusha alikuwa binti yake, Ndinda. Alikuwa rubani wa ndege ndogo za kubeba mizigo, mara nyingi miraa. Mwanamke mrefu, mchache wa maneno, anakutazama mpaka unajikuta umeongea zaidi ya ulivyopanga.

Niseme tu kwamba nilitaka sana Ndinda aone kazi yangu. Mnaelewa.

Injini tuliyopata ilikuwa nzuri isipokuwa rota moja. Seal ya pembeni, kile kiziba cha kwenye pembe ya rota, ilikuwa imekatika na kuichimba ile rota vibaya. Ile nzima ilikuwa na herufi C. Hizo herufi zinagongwa kiwandani kuonyesha kundi la uzito, na kanuni ni kwamba rota mbili za injini moja zisipishane zaidi ya herufi moja. Kwa hiyo nikaanza kutafuta rota nyingine ya C.

Nikaipata kwenye injini mfu, kwa muuza vyuma vya zamani. Ilikuwa injini ya toleo la nyuma kidogo. Rota yake moja ilikuwa imeliwa na kutu, ya pili safi kabisa. Nikaifuta kwa dizeli, na herufi ikatokea. C.

Wakuu, nilifurahi kama mtu aliyeokota kitambulisho chake.

Ninyi mlio mafundi mnajua tulivyolelewa. Eastlands hakuna injini iliyokufa. Zipo mbili zilizolala, na kazi yako ni kuamsha moja kwa viungo vya mwenzake. Nilikuwa nimefanya hivyo mara nyingi sana na magari yakaenda mpaka Kisumu na kurudi. Nilimpelekea Sajini rota zote mbili, nikamwonyesha herufi.

Alivaa miwani, akazisoma, akazigeuza.

"Herufi nimeiona," akasema. "Lakini hii ni ya mwaka mwingine. C ya mwaka huu inaweza isiwe C ya mwaka ule. Umepima?"

"Bado."

"Nenda pima. Ukirudi uniambie, nitakuamini."

Angalieni hayo maneno. Hakusema atapima pamoja nami. Alisema ataniamini.

Mizani za maana mjini zilikuwa posta na kwa wauza dhahabu, na hakuna ambaye angeniruhusu niweke chuma chenye mafuta juu yake. Mimi nilikuwa na jibu langu. Mama yangu alikuwa anauza nafaka Gikomba. Maharagwe, ndengu, njahi. Alikuwa na mizani ya sahani mbili, ya chuma, yenye mshale katikati. Na kwa kazi kama yangu hiyo ni bora kuliko ya kusoma namba, kwa sababu unaweka rota moja huku na nyingine kule, unatazama mshale. Zikilingana, unaona hapo hapo.

Nikabeba rota kwenye gunia mpaka Gikomba. Nikakuta mama hayupo. Alikuwa ameenda Bungoma kwenye mazishi, na mizani yake imefungiwa stoo.

Meza ya pili kutoka kwake alikuwa Mama Baraka. Mama mmoja mnene, mcheshi, aliyekuwa chama kimoja cha kuchangiana na mama yangu kwa miaka. Akaniona nimesimama na gunia.

"Wewe si ni kijana ya Mama Wafula? Nini hiyo umebeba kama mtoto?"

Nikamwambia.

"Leta hapa. Mizani si ni mizani? Hata hakuna customer saa hii."

Nikaitazama ile mizani ikiwa tupu. Mshale ulisimama katikati, wima kabisa. Nikaweka rota ya injini yetu upande wa maharagwe, ile ya injini mfu upande wa mawe ya kupimia. Mshale ukayumba, ukatulia. Ulikaa pembeni mwa alama kidogo sana, kama upana wa ncha ya kucha.

Nikajiambia hiyo ni mafuta yaliyoganda. Nikamshukuru Mama Baraka, akanifungia ndengu nusu kilo nipeleke nyumbani, nikarudi Kaloleni nikiimba.

"Umepima?" Sajini akaniuliza.

"Ziko sawa."

Tukafunga injini. Counterweight ya mbele na ya nyuma zilikuwa za ile injini mpya, za toleo lake, zote safi. Kwa macho kila kitu kilikuwa kimekaa.

Sasa nimlete mtu wa mwisho kwenye hii stori. Propela ilichongwa na Mutiso, binamu yake Sajini. Mutiso alikuwa mchongaji, ana banda Gikomba upande wa maseremala. Kazi yake ya kila siku ilikuwa twiga na vifaru vya watalii. Sajini alimpa vipimo na mbao zilizounganishwa kwa gundi tabaka tabaka, akakaa nazo wiki tano. Ikatoka propela nzuri mpaka ukaona vibaya kuipaka varnish.

Tulipoiwasha injini uwanjani mara ya kwanza, iliwaka ndani ya sekunde mbili. Mizunguko ya chini ilikuwa tulivu kabisa. Sajini alitoa machozi na hakujificha.

Ndinda akaketi ndani akapandisha mizunguko. Na hapo ikaanza kutetemeka.

Si kutetemeka kwa kutisha. Ni ule mtetemo mwembamba unaopanda kwenye kiti, unafanya glasi ya saa kwenye dashibodi ionekane ina ukungu. Akashusha, ukaisha. Akapandisha, ukarudi.

Tukazima, tukasimama tukitazamana. Kisha sote watatu, mimi, Sajini na Ndinda, tukageuka tukamtazama Mutiso.

 Mnajua macho yanavyosema.

"Mbao yangu iko sawa," Mutiso akasema.

Mimi ndiye niliyefungua mdomo. "Mutiso, hii si twiga. Ukikosea kidogo tu inaonekana."

Aliifungua propela. Akapitisha fimbo ya chuma katikati, akaiegesha juu ya glasi mbili za chai zilizopinduliwa mezani. Akaisukuma kidogo kwa kidole. Ilizunguka, ikasimama. Akaisukuma tena, ikasimama mahali pengine. Haikuwa na upande wa kuangukia. Kila ulipoiacha, ilikaa hapo.

Yaani yule mtu alituonyesha ushahidi mbele ya macho yetu, juu ya glasi za chai, na hatukumwamini kwa sababu anachonga twiga. Mimi nilikuwa nimepima kwa mizani. Yeye alikuwa na glasi.

Akapewa maagizo ya kuipunguza. Akaichonga, mtetemo uko pale pale. Akaichonga tena. Mara ya tatu akawa hasemi na mtu, anakuja, anafunga, anasikiliza, anafungua, anaondoka nayo mgongoni.

Mwishoni mimi nikaja na dawa. Nikakata mpira mnene wa tairi la lori, nikauweka kwenye vishikio vya injini badala ya ule mwembamba. Mtetemo kwenye kiti ukapungua karibu wote. Tukapeana mikono. Sajini akapanga siku, Jumamosi, saa nne asubuhi. Ndinda angeruka mzunguko mmoja juu ya uwanja na kutua.

Wakuu, sikuwa nimetoa ule mtetemo. Nilikuwa nimeufungia ndani ya injini usitufikie.

Ile Jumamosi mama yangu alitaka kuja kuona. Tulikubaliana nimpitie Gikomba, afungue meza kidogo kwa wateja wake wa asubuhi, kisha twende pamoja. Nilipofika kama saa tatu nilimkuta amevaa gauni la kanisani na mkoba mweupe, amesimama nyuma ya magunia. Wenzake wanamtania kwamba anaenda kuolewa na rubani.

Akiwa anafunika magunia, nikaanza kumwelezea. Nilikuwa na furaha, maneno yanatoka yenyewe. Nikamwambia jinsi nilivyotafuta rota, herufi C, Sajini alivyosema nipime.

"Na nilipima hapa hapa, mama. Wewe ulikuwa Bungoma. Kwa Mama Baraka."

Akaacha kufunika.

"Mizani gani?"

"Hiyo yake."

"Ulipindua?"

"Kupindua nini?"

 Mama akainama chini ya meza, akatoa mawe mawili ya kilo ya kwake, yale ya chuma. Akatembea na gauni lake mpaka meza ya Mama Baraka, ambaye alikuwa ameketi anachambua maharagwe. Hakumsalimia. Akaweka jiwe moja sahani ya huku, jiwe la pili sahani ya kule.

Kilo na kilo.

Mshale ukalala upande wa maharagwe.

Mikono ya Mama Baraka ilisimama ndani ya sinia. Mama akayachukua yale mawe akayabadilisha upande. Mshale ukalala tena upande ule ule.

Baadaye nilielewa ufundi wake. Ule mkono wa mizani, upande wa bidhaa ulikuwa mrefu kidogo kuliko upande wa mawe. Chini ya sahani ya mawe kulikuwa kumebandikwa risasi, ile ya kwenye betri za gari, ili mizani ikiwa tupu isimame sawa. Ukiweka mzigo ndipo inaanza kudanganya, na mzigo ukiwa mkubwa uongo nao unakua. Kwa kilo ya maharagwe mteja anapoteza kiganja. Kwa rota mbili, ile nzito ilikuwa imeketi upande unaoificha. Ningeziweka kinyume tu, ningeona tofauti maradufu. Au ningepindua, yaani kubadilisha sahani na kupima tena, kama anavyofanya kila mama wa soko anaponunua kwa mizani ya mwenzake.

Soko zima lilijua, wakuu. Mama yangu alijua kwa miaka. Lakini mko chama kimoja, mnazikana, mnachangiana, utaanzaje kumwambia mwenzako? Kila mtu aliendelea kunyamaza, na wenyeji walinunua kwingine.

"Mama Wafula," Mama Baraka akasema polepole, "kwani kumetokea nini?"

Mama akamjibu bila kupandisha sauti. "Kuna msichana anapanda juu na ndege leo. Walipima engine hapa kwako."

Sikusikia jibu kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kukimbia.

Simu za kibanda zilikuwa tatu pale juu barabarani. Ya kwanza haikuwa na mkono wa kusikilizia. Ya pili ilimeza sarafu yangu ikanyamaza. Ya tatu ikalia. Namba ya uwanja nilikuwa nimeiandika nyuma ya pakiti ya plagi ndani ya ovaroli, na kwa haraka nikakosea mara mbili.

Askari wa uwanja akapokea.

"Mwambie Ndinda asiruke. Ni Wafula. Mwambie azime engine."

"Lakini ameshaingia ndani. Anapasha."

"Kimbia, ndugu yangu. Simama mbele yake."

Akaiacha simu wazi mezani. Na mimi nikawa nimesimama Gikomba, nasikiliza injini yangu kwa waya.

Niliisikia ikipanda. Nawaambia ukweli, kwa mbali vile, bila kiti cha kuketi wala mpira wa tairi, niliusikia ule mtetemo wazi kabisa. Ulikuwa ndani ya sauti muda wote. Sikuwa nimewahi kuisikiliza bila kujisikiliza mimi mwenyewe.

Simu ikaanza kulia ile milio ya kudai sarafu. Nikaingiza mkono mfukoni, sina. Nikageuka kuomba, na mama alikuwa ameshafika, anahema, viatu vya kanisani mkononi. Nyuma yake alikuwa Mama Baraka. Alikuwa amekimbia na mwili wake ule, na kwenye pembe ya leso yake amefunga sarafu zake zote za asubuhi. Hakunitazama usoni. Aliifungua leso, akaanza kunipa moja moja, na mimi naingiza.

Injini ikapanda tena. Kisha ikanyamaza.

Hapo sikujua. Kunyamaza kunaweza kuwa amezima, au ndege imeshafika mwisho wa uwanja na sauti imepotea. Nilibana ile simu sikioni mpaka sikio likauma. Mama alikuwa ameshika mkono wa ovaroli yangu. Nadhani alikuwa anaomba.

Nikasikia hatua. Kisha mtu anaokota simu.

"Wafula. Ni nini?"

Ilikuwa sauti ya Ndinda. Nilikaa chini pale pale kwenye kibanda. Sina maneno ya kuwaeleza ile nafuu. Mpaka leo nikikumbuka ile "ni nini" natafuta mahali pa kukaa.

"Rota moja ni nzito," nikamwambia. "Propela haina makosa. Ni rota. Mizani niliyopimia ni mbovu."

"Mizani ya wapi?"

"Ya maharagwe. Sokoni."

 Nikajiandaa kutukanwa.

"Nilijua kuna kitu," akasema. "Nilikuwa naisikia kwa meno. Nilidhani ni uoga."

Jumatatu tukaifungua injini, mimi na Sajini peke yetu. Nilipotoa bearing za shafti, ile ngozi nyeupe ya juu ilikuwa imelika upande mmoja, shaba inachungulia. Na hiyo ni injini iliyopashwa saa chache tu, ikiwa ardhini. Sajini aliishika kwenye mwanga akaigeuza kwa muda mrefu. Hakuuliza ingedumu dakika ngapi hewani, na mimi sikukadiria kwa sauti.

Nikaanza kumwomba msamaha. Akanikatiza kwa mkono.

"Mimi utanipata baadaye," akasema. "Anza na Mutiso."

Nikaenda bandani kwake. Alikuwa anapiga msasa shingo ya twiga. Nikamwambia yote, tangu ndengu nusu kilo mpaka simu.

"Kwa hivyo mbao yangu haikuwa na makosa," akasema.

"Haikuwa."

"Sema tena."

Nikasema tena. Maseremala wa mabanda ya jirani walikuwa wameacha kupiga randa, wanasikiliza.

"Na sasa nimeichonga mpaka imekonda," akasema. "Haifai tena. Nitatengeneza ingine. Na wewe ndio utashika hiyo msumeno upande wa pili."

Nilishika msumeno Jumamosi tatu. Hakunisamehe kwa maneno, ila Jumamosi ya tatu aliniagizia chai.

Ilichukua miezi kupata rota sahihi. Safari hii sikutazama herufi peke yake. Nilitaka ya toleo lile lile la counterweight zetu, na Sajini akalinganisha alama za kiwandani kwenye kila kizito, cha mbele na cha nyuma, kabla hata ya kuniruhusu kuifuta mafuta. Kisha tukaenda Gikomba wote wawili na gunia letu.

Tukapima kwa mizani ya mama. Huku na kule, mshale katikati. Tukapindua. Mshale katikati.

Tulipokuwa tunazirudisha kwenye gunia, Mama Baraka akaita kutoka kwenye meza yake. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko kawaida.

"Mnaweza pima na hapa. Kama mnataka."

 Sajini, ambaye nilidhani atakataa, akachukua rota akaenda. Akaziweka, mshale ukasimama. Akapindua mwenyewe, polepole, kwa heshima kabisa. Mshale ukasimama. Mkono wa mizani ulikuwa mpya, bado rangi haijashika vizuri.

"Iko sawa, mama," Sajini akasema.

Mama Baraka aliinamia maharagwe yake akaanza kuchambua, machozi yanadondoka humo humo kwenye sinia. Mama yangu alienda akaketi kando yake na kuanza kuchambua naye. Ndivyo yalivyoisha, na chama kikaendelea.

Ndege iliruka. Ilikuwa asubuhi ya jua. Niliirudisha kwenye vishikio ile mipira myembamba ya mwanzo, kwa sababu nilitaka kila kitu kitakachotokea ndani kimfikie Ndinda kwenye kiti. Akapandisha mizunguko, akakaa akisikiliza, akatuonyesha kidole gumba. Mama na Mama Baraka walikuwa wamesimama kwenye uzio na magauni yao ya kanisani. Ndinda akaruka, akazunguka mara moja, kisha akazunguka ya pili ambayo haikuwa kwenye mpango, na Sajini akaanza kumgombeza kwa Kikamba kutoka chini kana kwamba anasikika.

Alipotua alinipita, akaenda kwanza kwa Mutiso akamshika mkono. Kisha akarudi kwangu.

"Meno yametulia," akasema.

Wanaotaka kujua kama nilimuoa, hapana. Aliolewa na mtu mwingine, mtu mwema, na mimi ndiye niliyetengeneza gari la harusi. Mnaweza kunicheka, nimeshazoea.

Somo langu ni hili, na si la mafundi peke yao. Sikukosea kwa kutojua kazi. Kanuni ya rota na counterweight nilikuwa naijua kuliko mtu yeyote mtaa ule. Nilikosea kwa kupima mara moja, kupata jibu nililolitaka, na kuacha kuuliza. Halafu mashine ilipolia, nikamlaumu mtu ambaye kazi yake niliidharau. Tangu hapo sipimi kitu bila kupindua. Na mteja akiniambia gari lake "analisikia vibaya", simwambii ni mawazo yake.

Basi nawaachia uwanja. Nani humu amewahi kumlaumu mtu kwa kosa lake mwenyewe, na alimwambiaje ukweli ulipotoka? Na wale mlionunua maharagwe Gikomba enzi hizo, kuweni wapole.

Ile propela ya kwanza, iliyochongwa mpaka ikakonda, Mutiso hakuitupa. Aliitundika juu ya mlango wa banda lake, katikati ya twiga, kwenye msumari mmoja tu wa kati. Miaka mingi baadaye nilimkuta mteja anamwuliza hiyo ni ya nini. Mutiso alinyoosha kidole, akaisukuma, ikazunguka mara mbili na kusimama ilipotaka.

"Hiyo?" akasema, akinitazama mimi. "Hiyo iko sawa."